Friji Iliyojaa

Mama alivaa koti lake la Bari,
lile la vifungo vikubwa kama visahani,
akaketi kushoto kwangu, safu ya nane,
mkoba mapajani kama mtu anayengoja treni.
Nje, mvua ya Kutaisi.
Ndani, watu mia mbili waliokuja kutazama filamu
ya mdogo wangu Bachana,
niliyemkata kucha mpaka alipotimiza miaka kumi na mitatu.

Taa zikazimwa, jiko letu likawaka.
Nasema letu, ingawa halikuwa letu:
vigae walivipatia, hata ule ufa wa sinki,
ila msichana aliyeigiza kuwa mimi
ana shingo ndefu kuliko yangu, na hakohoi.

Mvulana yuko peke yake mezani.
Anamhutubia kuku wa barafu,
anamwita Mheshimiwa, anamtaka ajiuzulu.
Ukumbi ukaangua kicheko.
Mama akanipiga goti kwa kiganja:
"Huyu ni yeye! Huyu ni yeye kabisa!"
Kana kwamba alikuwepo.

Miaka kumi na mmoja alikuwa Italia
akimwogesha bibi wa watu,
akimnywesha supu kijiko kwa kijiko,
akitutumia pesa, na viatu
vya miguu tuliyokuwa nayo mwaka uliopita.

Kisha ikaja Jumapili, simu ya video.
Nilijua inakuja. Nilimwambia Bachana, kipande hiki kikate.
Akasema, dada, nikikikata hiki
nitabaki na kuku tu.

Mvulana anafungua friji. Mwanga, na hakuna kitu.
Anatoka uani, anarudi na matofali mawili,
anayakung'uta, anayafunga kwa foili: nyama.
Chupa za maji na chokaa kidogo: maziwa.
Mpira wa tenisi: chungwa, ukilitazama kwa haraka.
Anarudi nyuma hatua mbili kama mchoraji,
anaingia tena, anageuza tofali moja ubavu.
"Akiba haiozi," anamwambia dada yake,
na watu walicheka mpaka viti vikalia.

Simu inaita. Sauti ya mwanamke:
Nionyeshe friji.
Mkono wa mvulana unapita mbio, mara moja tu.
Mmeshiba?
Mpaka tunagombania nafasi ya kulala, mama.

Kushoto kwangu palikuwa kimya.
Mkoba ulifunguliwa, ukafungwa, ukafunguliwa.
"Nestan," akanong'ona, "ile friji?"
"Ni filamu, mama."
"Nimekuuliza ile friji."

Nikatazama mbele.
Mvulana alikuwa anakula kitu kwenye giza, sikumbuki nini.

"Ule mwezi," mama akasema, bila kunigeukia,
"bibi yangu alikuwa amekufa. Sikuwa na kazi.
Lile jiko nililokuwa nikiwapigia simu nikiwa ndani yake
lilikuwa la rafiki yangu Manana. Nilikuwa nalala sakafuni pake.
Nilisimama mbele ya sufuria zake
ili mzione."

Mwanamume wa nyuma yetu akatusihi tunyamaze.

Baadaye Bachana aliitwa jukwaani,
tai yake imepinda, sikio jekundu.
Mtu akamuuliza: je, tucheke au tulie?
Akajikuna shingo, akasema hajui,
kwao walifanya vyote kwenye meza moja
kwa sababu meza ilikuwa moja.
Wakampigia makofi. Mama hakupiga;
alikuwa ameshika mikono yangu yote miwili
na hakubakiwa na mkono.

Usiku wa manane nilisikia mlango wa friji.
Alikuwa amesimama pale na koti lake, amelowa mabega,
uso wake mweupe kwa ile taa ndogo.
Friji ilikuwa imejaa, naapa: jibini, maharage,
nusu ya bata, plamu za shangazi.
Lakini alikuwa anatoa kifurushi kimoja kimoja cha foili,
anakipima kwenye kiganja,
anakibonyeza kwa kidole gumba.
Na Bachana, miaka ishirini na tisa, kwa soksi tu,
alikuwa ameketi mezani na uma mkononi,
akingoja kuambiwa ale.